Mapovu Hayapandi Wima

Mke wangu habari hii haijui, na ninyi mkimwambia nitakana mchana kweupe, nitasema huyo ni Deusi mwingine, maana Mwanza akina Deusi tupo wengi kama mawe. Ila mmeniuliza mara tatu sasa kwa nini sipiti ile njia ya kushuka ziwani kwa Mzee Lameki, na leo chai ipo na hakuna anayeharakishwa, basi ngoja niaibike mara moja yaishe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mwanzoni mwa tisini, viwanda vya minofu vimeanza kuota kando ya ziwa, mitumba imejaa hadi watu wanachagua rangi, na kila aliyeuza sangara wawili watatu anajenga nyumba yenye geti. Hilo la geti ndilo lililotulisha sisi. Nilikuwa kwenye karakana ya kuchomelea ya Fundi Idrisa, pale Kirumba, mzee wa mjini, fundi mtoto wa fundi, mtu wa maneno machache na baraghashia nyeupe isiyochafuka (sisi wote tulikuwa weusi kwa masizi, yeye kichwani kweupe pe, mpaka leo sijui alikuwa anafanyaje). Pale karakana watu walikuwa wa aina mbili tu, fundi na saidia fundi. Fundi anashika moto, na saidia anashika kila kitu kingine, pamoja na fagio. Mimi nilikuwa saidia mwaka wa tatu, na kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, fizikia nimepata C, C ya kweli siyo ya kuchungulia kwa jirani, halafu natumwa maandazi na watu ambao hata kuandika "bawaba" walikuwa wananiomba mimi.

Basi Jumamosi moja Fundi Idrisa akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Deusi, geti la Mzee Lameki leo utalichomelea mwenyewe. Bawaba nne na komeo, hakuna kingine. Likisimama kabla ya saa tisa, Jumatatu unakuja hapa fundi. Lisiposimama, unajua fagio liko wapi."

Ndugu zangu, mimi siku hiyo sikutembea, nilielea. Nilivaa shati langu la kitambaa, la mtumba lakini daraja la kwanza, juu ya ovaroli (ndiyo, juu ya ovaroli, nilitaka watu walione).

Sasa huyu Mzee Lameki alikuwa mzee wa kanisa, mtu mzito, anakusanya sangara na kuwapelekea wenye viwanda, na nyumba yake mpya aliijenga kwenye mteremko wa mawe kati ya barabara na ziwa. Saa tisa ya siku hiyo Mchungaji angekuja na kwaya kuibariki, na Mzee hakutaka nyumba ibarikiwe ikiwa wazi mbele kama zizi. Umeme ulikuwa haujafika upande ule, ndiyo maana tulikuwa tunatumia gesi. Geti na vifaa vingine vilishapelekwa jana yake, nikabaki mimi na mtungi wa oksijeni tu, ule mrefu wa chuma, kimo chake kama mtoto wa darasa la sita na uzito wake kama mzee aliyeshiba. Dereva wa pikapu akatushusha juu barabarani, akaangalia ule mteremko, akasema gari haishuki pale hata kwa dawa, nisubiri akaniletee watu wawili wa kubeba.

Hapo ndipo lilipo kosa lenyewe. Ningesubiri. Ilikuwa saa nne tu asubuhi, ningekaa juu ya jiwe nikala muhogo nikasubiri. Lakini nikajiambia, fundi gani anasubiri wabebaji? Fundi anatumia akili. Kitu cha duara kinabingirika, na mteremko upo wa bure. Nikaulaza mtungi chini, nikaweka mguu mmoja juu yake kwa madaha, mpango wangu ukiwa niuachie pole pole huku nauzuia kwa soli ya kiatu, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni kwa Mzee. (Ile kofia ya chuma inayofunika koki nilikuwa nimeifungua nikiwa kwenye gari, ili waliokuwa barabarani waone koki inavyong'aa. Msinicheke bado, kuna mengine.)

Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Hatua ya pili mtungi ukanichukua kiatu. Hatua ya tatu haikuwa yangu tena, ilikuwa ya mtungi peke yake, na mimi nakimbia nyuma yake na soksi moja nikipiga kelele "Pisheni! Pisheni! Gesi!" na watu kusikia neno gesi wakatawanyika kuliko hata ningesema simba. Mtungi ukafika kwa Mzee Lameki, ukapita katikati ya nguzo za geti bila kugusa hata moja, ukazunguka nyumba, ukatokea nyuma, ukaingia moja kwa moja kwenye dagaa za Mama Kabula.

Mama Kabula alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Nansio kule Ukerewe, anaanika dagaa pale ufukweni juu ya nyavu kuukuu. Dagaa zake zilikuwa zimekauka nusu. Mtungi ukapita juu yake ukaacha barabara nzuri iliyonyooka, ukagonga jiwe kwa upande wa koki, tii! ukaanza kufoka kama nyoka, ukajirusha ziwani.

Nikafika nikihema. Kwa kuwa nimelelewa vizuri nikaanza na salamu. "Shikamoo mama."

"Marahaba ya nini?" akasema. "We kaka, dagaa zangu zimekukosea nini? Umezitoa wapi hizo dharau za asubuhi?"

Nikamwomba radhi, nikamwambia nitaziokota moja moja, lakini kwanza mtungi, mama, mtungi ndio kazi yangu, mtungi ndio maisha yangu, bila ule mtungi Jumatatu mimi ni mtu wa fagio. Sikumficha. Nilikuwa nataka kulia kwa kweli.

Pale mtungi ulipotumbukia ni mahali korongo linapoingilia ziwa. Usiku wake mvua ilinyesha, korongo lilikuwa limejaa, linaleta maji mekundu ya tope kwa kasi, yanakata kwenda mkono wa kushoto kufuata ufuko mpaka kwenye jiwe moja kubwa, pale yanajizungusha kidogo ndipo yanaingia ziwani. Kuona chini ilikuwa haiwezekani, ungeweka mkono wako majini usingeuona. Nami mahali hasa ulipozama sikupaona, maana wakati unazama nilikuwa nimeanguka kifudifudi kwenye dagaa.

Lakini nikaona mapovu. Pale kwenye jiwe kubwa maji yalikuwa yanachemka mapovu madogo madogo, mengi, meupe, yanatoa sauti kama soda. Nikaruka juu kwa furaha. Koki imelegea, gesi inavuja, na gesi inanionyesha ilipo! Fizikia hiyo, ile C yangu imekuja kunipokea.

Kulikuwa na mvuvi mmoja anashona wavu karibu, Mjita, anaitwa Majura, kifua kama mlango, na watu wote walisema hakuna mpiga mbizi kama yeye toka pale mpaka Igombe. Nikamsihi. Akavua shati, akaingia majini mpaka kiunoni, akageuka.

"Fundi, nionyeshe mahari."

(Alimaanisha mahali, Wajita hiyo herufi wanaigeuza, lakini akina mama wa dagaa walishaanza kucheka na kuulizana mahari ya nani tena leo, na bibi harusi yuko wapi.)

Mimi lile neno "fundi" lilikuwa limenipanda kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza mtu ananiita hivyo. Watu walikuwa wameshakusanyika, si chini ya hamsini, na badala ya kuonyesha kwa kidole kama mtu wa kawaida, nikaokota kijiti, nikachora mchangani. Nikachora maji, nikachora mtungi chini, nikachora duara ndogo ndogo zinapanda kutoka kwenye mtungi mpaka juu, mstari mnyoofu. Nikasema, "Ndugu wananchi" (nilisema hivyo, Mungu anisamehe), "hewa ni nyepesi kuliko maji. Kwa hiyo viputo hupanda wima. Wima! Palipo na viputo juu, chini yake pana mtungi."

"Viputo ndo nini?" Mama Kabula akauliza.

"Ni mapovu, mama."

"Si useme mapovu."

Majura akazama. Watu wakahesabu kwa sauti, walipofika arobaini akaibuka na konzi la tope. Akazama tena, akaibuka na sufuria isiyo na kitako. Mara ya tatu akaibuka na raba ya mguu wa kulia, akanitupia, akasema angalau nimepata kiatu, kwa kuwa changu kimoja kilibaki mlimani. Kilikuwa cha mtoto.

"We kaka," Mama Kabula akasema, ameshika kiuno, "hapo unamchosha mwenzio bure. Mtungi wako hauko hapo. Sogea kidogo huku juu, korongo linakotokea. Mapovu yanatembea."

Nikacheka. Kicheko kile ningekuwa na uwezo ningekirudisha tumboni leo hii. Nikamwambia kwa upole ule wa mtu aliyesoma, "Mama, mapovu hayana miguu." Nikampa mtu hela akaninunulie soda nyeupe kibandani, ikaja, nikaifungua, nikaiinua juu watu wote waione. "Tazameni. Viputo vinatoka chini vinakwenda wapi? Wima! Vipo vinavyokwenda pembeni?" Watu wakaangalia, wakasema kweli, vinapanda wima. Mmoja akapiga makofi. Nilijiona profesa.

Mama Kabula akanyoosha mkono, akaipokea chupa, akaitazama. "Hii soda imekaa," akasema. "Ziwa hapa halijakaa, linatembea." Kisha akaiweka mdomoni, akainywa yote hadi mwisho bila kupumua, akajifuta kwa kanga. "Haya, soda imetembea. Mapovu yamepanda wima au yameenda na soda?" Halafu akabeua.

Umati ulivunjika mbavu. Hata Majura majini alicheka mpaka akameza maji. Sasa mtu mwenye akili angeona hapo amejibiwa, na amejibiwa vizuri. Mimi nikaona nimetukanwa. Nikamwambia Majura, "Zama palepale."

Kelele zikamtoa Mzee Lameki nyumbani kwake. Akaja na suti ya kubarikia nyumba, akauliza kuna nini, akaelezwa. Nilitegemea anigombeze kwa ajili ya geti, lakini alipoona mahali Majura alipokuwa anazamia, alibadilika uso. "Hapana," akasema, "tokeni hapo. Sogeeni kule kama anavyosema huyu mama."

"Mzee, kisayansi..."

"Hapo pana mamba!"

Majura akasema miaka sita anaoga pale na hajaona mamba hata wa kuchorwa.

"Basi pana chatu. Mimi ndiye mwenye eneo, nawaambia pana chatu. Kijana, achana na huo mtungi, geti litasimama wiki ijayo, wala sina haraka nalo." Na jasho linamtoka, yeye ambaye wiki nzima alikuwa anatuma mtu karakana kila siku kuulizia geti.

Mnaona? Watu wawili wananiambia sogea. Mmoja ananiambia kwa kuwa anajua maji, mwingine kwa sababu zake, na mimi sikumsikia hata mmoja, kichwani nilijisemea hawa wazee wote ni maadui wa sayansi. Na saa zilikuwa zinakwenda. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, Majura anapumzika anazama, anapumzika anazama, ametoa mpaka kibao cha mbuzi. Saa nane hivi Mchungaji akafika na kwaya yake, kina mama na sare zao za bluu, wakasikia kelele ufukweni wakashuka wote. Mchungaji akasikitika sana kusikia kijana anatafuta riziki yake majini, akasema tuombe. Tukainamisha vichwa. Mzee Lameki alikuwa akiomba kuliko wote, midomo inamcheza.

Katikati ya maombi Majura akaibuka. "Nimeshika kamba!" akapiga kelele. "Kamba imefungwa kwenye kitu kizito!"

Mimi hata sikujiuliza mtungi umefungwaje kamba. Nilirukia maji na ovaroli langu na shati langu daraja la kwanza, nikaishika, wanaume wanne wakanisaidia, tukavuta, kwaya ikapiga vigelegele, kikatoka kitu cha njano. Dumu. Likatoka dumu la pili, na la tatu, yote yamejaa, yamefungwa pamoja kwenye jiwe.

Hapo ndipo kila mtu mwenye busara alipokaa kimya, isipokuwa mimi. Nikafungua kifuniko, nikanusa, nikafikiri, nikanusa tena. "Siyo mafuta ya taa," nikatangaza. "Siyo dizeli." Nikachovya kidole, nikaonja. "Hii ni gongo. Na ni ya ndizi."

"Mwaga, mwaga haraka," akasema Mzee Lameki kwa sauti ndogo.

"Subiri, Mzee, tujue ya nani, isije ikawa ya mtu mbaya." Nikaligeuza dumu. Ubavuni palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu, yamefifia kidogo, na mimi kusoma nilisoma, nikayasoma kwa sauti mbele ya Mchungaji na kwaya na kijiji kizima. "Mali... ya... Mzee... La..."

Ulimi ukashtuka hapo, lakini ulikuwa umechelewa. Herufi zilizobaki watu walizimalizia wenyewe, kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

"Yaliibiwa!" Mzee Lameki akapiga kelele. "Madumu yangu haya yaliibiwa mwaka jana!"

"Yaliibiwa yakiwa na kitu ndani," Mama Kabula akauliza taratibu, "au yakiwa matupu?"

Mwanakwaya mmoja akaanza kukohoa, akafuatwa na mwingine, ikawa kikohozi cha sauti nne. Mchungaji akawa anaangalia ng'ambo ya ziwa kwa makini sana, kana kwamba kuna mtu anayemjua kule. Mimi nilitamani korongo linichukue. Nimeharibu dagaa za mtu, nimemvua nguo mteja wa bosi wangu siku ya nyumba yake kubarikiwa, na mtungi bado sina.

Mama Kabula akaja mpaka nilipokuwa. Hakuwa anacheka tena. "Mapovu yako yanaisha," akasema.

Nikageuka. Kweli. Pale penye jiwe kubwa, palipokuwa panachemka asubuhi, palikuwa pamebaki povu moja moja. Gesi ilikuwa inakwisha, na ikikwisha hakuna atakayejua mtungi uko wapi, hata yeye. Nikasema neno ambalo nilitakiwa kulisema saa nne asubuhi, "Mama, tafadhali, nionyeshe."

Akavua ndala. Akaanza kutembea ufukweni kuelekea korongo linakotokea, macho kwenye maji, nami nyuma yake na soksi yangu. "Hapo kwenye jiwe ni yale madogo," akawa ananiambia bila kunitazama. "Madogo mavivu kupanda, maji yanayabeba yanavyotaka, yanakwenda kujikusanya huko mbali. Makubwa yana haraka. Makubwa yanatoka juu hata maji hayajayafikisha mbali. Wewe uliona mengi ukafikiri ndo kwenyewe. Usiangalie mengi. Angalia makubwa."

Tukasogea hatua ishirini hivi. Akasimama. Tukangoja. Mara, bwu, povu moja kubwa kama kikombe likapasuka mbele yetu. Akangoja tena, bwu, jingine. Akahesabu hatua nyingine nne kwenda juu zaidi, akachukua jiwe dogo, akalitupa majini.

"Pale."

Majura akazama. Hatukuhesabu hata kufika kumi. Akaibuka akiwa anacheka, mkono juu. "Uko hapa! Nimeukaria!"

Tukautoa mtungi kwa kamba ileile ya madumu (Mzee Lameki hakuidai, na mwenyewe alikuwa ameingia ndani kwa madai ya kuumwa kichwa). Ukalazwa mchangani, umejaa tope, na mimi nikaukumbatia jamani, mbele za watu, nikaubusu. Kisha nikaufungua koki nione imebaki kiasi gani. Ikatoka fff moja, fupi, kama mtu anayesinzia. Basi. Tungeanza kumsikiliza mama yule asubuhi, ungetoka umejaa zaidi ya nusu, na geti lingesimama saa sita mchana.

Nikainua kichwa, nikaona baiskeli imesimama pale juu kwenye nguzo za geti, na baraghashia nyeupe inashuka.

Fundi Idrisa alisalimiana na watu wote, taratibu, mmoja mmoja, kama vile hakuna kitu. Akautazama mtungi. Akanitazama mimi, soksi moja, magamba ya dagaa kwenye nywele. Kabla sijamwamkia, watu walimweleza wote kwa pamoja, mteremko, dagaa, wima, soda, dumu, mpaka ile "ni ya ndizi" walimweleza, na kila aliyesema aliongeza chake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Nani aliyeonyesha ulipo?"

Wakamwonyesha Mama Kabula, ambaye alikuwa amesharudi kwenye dagaa zake anaziokota.

Akamwendea. "Mama, ulijuaje?"

"Ah, mimi nimekua kwetu Ukerewe nawinda kamongo na baba," akasema. "Samaki yule analala kwenye tope, unaona povu lake tu. Ukichoma mkuki penye povu, unachoma maji. Unarudi nyuma, maji yanakotoka. Povu kubwa unarudi kidogo, povu dogo unarudi sana. Hilo hata watoto wa kwetu wanajua."

Fundi Idrisa akavua baraghashia. Miaka mitatu nilikuwa sijawahi kukiona kichwa chake, kumbe kina upara. Akaishika kifuani, akainama kidogo, akamwambia, kwa sauti ya kawaida lakini wote tulisikia, "Ahsante, fundi."

Neno lile. Neno nililolilalia miaka mitatu, nililovalia shati juu ya ovaroli, amempa mama wa dagaa kwa dakika moja, na hakuna mtu hata mmoja pale ufukweni aliyeona ajabu, hata mimi. Hilo ndilo lililonichoma. Nilitafuta ndani yangu sababu ya kubisha, nikakosa.

Mimi aliniambia, "Deusi, okota dagaa," basi, hakuongeza kitu, akapandisha mlima na baiskeli yake. Nikaokota dagaa mpaka jua linazama, moja moja kama nilivyoahidi, huku Mama Kabula ananielekeza hii ioshe, hii itupe, hii ya kwako kapike. Nyumba ilibarikiwa bila geti, kwa sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia, na Mzee Lameki baada ya mwezi aliuacha uzee wa kanisa kwa sababu za kiafya. Jumatatu nikashika fagio, nikalishika miezi mingine minane, na Kirumba nzima walikuwa wakiniona wananiambia simama wima.

Ufundi niliupata baadaye, msiwe na wasiwasi, haya mageti yote ya huku Buswelu mnayoyaona ni mkono wangu. Lakini tangu siku ile nina ugonjwa mmoja. Mtu yeyote akiniambia "sogea kidogo", awe mzee, awe mtoto, awe muuza karanga, mimi nasogea kwanza, halafu nikishasogea ndipo namuuliza kwa nini.